Kisu cha Mfukoni: Apewe Nani, na Kipi?

 

Nimeletewa swali na baba mmoja wa mtaani kwetu, na kwa kuwa nadhani nyumba nyingi za pwani zina swali kama hilo, nimeona nilijibu hapa badala ya kumjibu yeye peke yake barazani. Mwanawe ana miaka 17. Akitoka shule humsaidia ami yake kazi za mashua na nyavu. Mjomba wake aliyeko Maskati anakuja likizo, naye amemwuliza kijana ataka zawadi gani. Kijana hakutaka saa wala viatu. Ataka kisu cha kukunja, kilicho kizuri, cha kutia mfukoni na kukitumia kila siku.

Baba amekataa. Kauli yake ni hii: "Maalim, kisu mfukoni ni alama ya uhuni." Mama wa kijana aona hapana ubaya, maana mtoto ana kazi, na kisu cha jikoni kwake kila siku huondoka kikarudi na harufu ya samaki, au kisirudi kabisa. Mjomba naye ana lake: ameulizia bei akaambiwa kisu kimoja cha namna hiyo ni thamani ya visu kumi vya sokoni, naye achelea isije ikawa ni israfu. Basi hapa pana watu watatu, na kila mmoja ana jambo lake la haki. Naanza na la baba, kwa sababu likisimama la baba, mengine hayana haja.

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) amekitaja chuma katika sura iliyoitwa kwa jina la chuma hicho, Suratul Hadid, akakieleza kwa mambo mawili kwa pamoja: kuwa mna ukali na nguvu ndani yake, na kuwa mna manufaa kwa watu. Wafasiri wamelieleza lile la kwanza kuwa ni silaha, na la pili kuwa ni zana: jembe, shoka, sindano, kisu. Wala hatukuambiwa kuwa kuna chuma cha shari na chuma cha kheri. Ni hicho hicho kimoja. Na kisu hakikuwa kigeni katika maisha ya Mtume wetu (S.A.W.). Amepokea Abu Daud kuwa huko Tabuk aliletewa jibini, akaomba kisu, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akaikata. Na katika Bukhari imo habari ya yule sahaba aliyemwona Mtume akikata nyama ya bega la mbuzi kwa kisu, na ilipoadhiniwa akakiweka chini kisu akaenda kusali. Kwa hivyo mwenye kusema kuwa kushika kisu ni uhuni kwa dhati yake, amesema lisilokuwa na msingi.

Lakini baba hakusema hivyo khasa. Baba amesema kisu *mfukoni*, na hapo ndipo penye maneno. Kisu cha jikoni hukaa jikoni, na mwenye hasira humbidi aende akakichukue, na katika kwenda huko huenda akapambana na mama yake, au akapambana na akili yake. Kisu cha mfukoni hakina safari hiyo. Kiko pamoja na mtu sokoni, kwenye mpira, kwenye arusi, na saa ya ugomvi pia. Tofauti hii ni kubwa, na sheria yetu imeitazama zamani. Katika Bukhari na Muslim imo amri kuwa anayepita msikitini kwetu au sokoni kwetu na mishale, azishike ncha zake asije akamjeruhi Mwislamu. Tazama vizuri: hakukatazwa kupita na mishale. Wavuna ngoma wa vita walikuwa na haja nayo. Alitakiwa azuie ncha. Na Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kukatazwa kupeana upanga ukiwa nje ya ala. Na Muslim amepokea onyo kali zaidi, la kulaaniwa na malaika, kwa anayemwelekezea mwenziwe chuma, hata akiwa ni ndugu yake wa baba na mama, maana yake hata akiwa afanya mzaha.

Ukiziweka hadithi hizi tatu pamoja, waona kuwa jambo linalotakiwa kwa mwenye kubeba makali katika watu ni makali hayo yawe yamefungika mpaka saa ya kazi. Na kisu cha kukunja ndicho kisu kilichozaliwa pamoja na ala yake. Mpini ndio ala. Wale waliokibuni hawakuwa wakiifikiria hadithi ya Abu Musa, lakini wamefanya kazi iliyotakiwa ndani yake. Kwa sababu hii nasema kuwa sifa ya kwanza ya kisu kizuri cha mfukoni, kabla ya ukali wake na kabla ya uzuri wake, ni kuwa kikifungwa kimefungika kweli, hakifunguki chenyewe ndani ya kanzu mtu akiinama kusujudu.

Sasa, nani apewe? Zamani katika vyuo vyetu jawabu lilikuwa jepesi. Mwanafunzi aliyefikia kuandika alipewa kalamu ya tete, na kalamu ya tete haina maana bila kisu. Ilibidi achongwe ncha, apasuliwe mpasuko wa wino, akatwe mkato wa mshazari, na wenye hati nzuri walikuwa na kibao kidogo cha mfupa au pembe cha kukatia ncha hiyo. Kisu hicho kilikuwa kidogo, chembamba, kikali kama wembe, na hakikuazimwa. Waingereza nao kisu kidogo cha kukunja hukiita mpaka leo kwa jina la kalamu, ingawa manyoya ya bata waliyokuwa wakiyachonga wameyaacha zaidi ya miaka mia. Nimelitaja hili kwa sababu lina kipimo ndani yake. Mtoto yule alipewa kisu kwa kuwa ana kazi yenye jina. Basi na huyu wa leo aulizwe: nitajie mambo matatu utakayoyakata wiki hii. Akisema kamba ya nyavu, gunia la mchele, embe la mchana, au kipande cha mpira wa mtumbwi, huyo ana haja ya kisu. Akinyamaza, au akajibu kuwa "huwezi kujua," basi ajibiwe kuwa akijua arudi.

Baba ana hofu, na sisemi kuwa hofu yake haina sababu. Mitaa ya Kisauni na Likoni kule Mombasa imelia mara nyingi katika miaka ya karibuni kwa vijana waliotoka kwa makundi na visu na mapanga, wakawakata watu wasiokuwa na kosa. Wengine katika hao walikuwa ni watoto wadogo kuliko huyu tunayemsema. Mzazi aliyeyasikia hayo hawezi kulaumiwa akishtuka kuliona neno kisu karibu na jina la mwanawe.

Lakini hofu hii si ya pwani peke yake, na yafaa tutazame wengine walifanya nini nayo. Huko Japani, tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa, palikuwa na kisu cha kukunja cha bei ndogo kiitwacho higonokami, kilichofanywa khasa katika mji wa Miki. Hakina kamani wala komeo. Ni bapa na mpini wa bati lililokunjwa, na kijimkia cha kukandamizia kwa kidole gumba. Watoto wa shule walikuwa nacho karibu wote, wakichongea penseli. Kisha tarehe 12 Oktoba 1960, katika ukumbi mjini Tokyo, kiongozi wa chama cha Kisoshalisti, Asanuma Inejiro, alichomwa akiwa jukwaani anahutubia, akafa. Aliyemchoma alikuwa na miaka 17. Silaha yake ilikuwa ni upanga mfupi, wala si kisu cha penseli, lakini nchi nzima iliingiwa na fadhaa, pakatokea harakati ya kuwanyang'anya watoto kila chenye makali. Mafundi wa Miki waliokuwa wengi wakapungua mpaka karibu kwisha, na penseli zikachongwa kwa mashine.

Walikosea? Mimi siwezi kuwahukumu watu waliokuwa na msiba. Ila nasema hivi: kumwondolea mtoto kisu ni rahisi, na kumfundisha adabu ya kisu ni kazi, na watu wenye hofu huchagua lililo rahisi. Na kijana asiyefundishwa adabu ya kisu kidogo nyumbani kwao, akitaka kikubwa atakipata kwa wengine, na hao wengine watamfundisha adabu yao.

Kuna mfano mwingine ulio karibu na Afrika yetu. Kisu cha Okapi kilianza kufanywa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, ili kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani humu. Na mwaka 1988 kazi hiyo ilihamia Afrika ya Kusini. Ni kisu cha mtu wa kazi: mpini wa mbao wenye nakshi za mwezi na nyota, chuma kinachonoleka vizuri, bei ndogo. (Mwezi ule na nyota zile msizifanye kuwa ni za Uislamu, jamani, ni pambo tu la mfanyabiashara.) Wakulima na wachungaji wamekitumia miaka na miaka. Na kisu hicho hicho, katika miji ya Afrika ya Kusini na huko Jamaika, kimepata jina baya la kisu cha mapigano. Chuma hakikubadilika. Ni mikono.

Na hapa nasema neno ambalo ndilo nililokusudia khasa katika makala haya. Kijana akiwa ataka kisu kwa ajili ya kazi, kisu kile kitakuwa ni cha kazi. Akiwa akitaka kwa sababu anamwogopa mtu, basi huyo amekwisha kumchagua atakayemchoma. Imebaki siku tu. Asidanganywe na neno "kujilinda." Kisu cha kukunja si ngao, hakizuii pigo lolote. Kazi yake moja tu ni kujeruhi, na akikitoa mbele ya mwenziwe, ugomvi wa makofi umegeuka ugomvi wa roho, na mwenziwe naye atatafuta chake. Nasi tumeambiwa na Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa Waislamu wawili wakikabiliana kwa panga zao, muuaji na aliyeuawa wote ni wa Motoni, na masahaba walipouliza kosa la aliyeuawa, wakajibiwa kuwa naye alikuwa na hamu ya kumwua mwenziwe. Hamu ile ndiyo iliyohesabiwa. Baba mwenye kutaka kujua kama mwanawe apewe kisu, na aitafute hamu hiyo. Aulize maswali ya upole: una ugomvi na nani? Nani amekutisha? Akigundua kuwa mtoto anatishwa njiani, basi dawa yake ni baba kuvaa kanzu yake akaenda kwa wazazi wa yule mwingine, au kwa mzee wa mtaa, au polisi ikibidi. Si kumpa mtoto chuma akamalizane nao.

Huyu kijana wa kwetu nimemwuliza, na jawabu lake lilikuwa la kamba na nyavu. Kwa hiyo namwambia baba: mpe. Ni baleghe, anasali, ana kazi. Mtoto wa miaka kumi ni jambo jingine. Huyo akate mbele yako, na kisu kirudi kwako.

Sasa la mjomba, la bei. Watu wengi hudhani israfu ni kununua cha ghali. Israfu ni kutoa mali pasipo haja yake. Katika Suratul Furqan wamesifiwa wanaotoa bila ya kupita kiasi na bila ya kubana, wakawa katikati. Mwenye kununua kisu cha sokoni, kikalegea egemeo baada ya mwezi, akanunua kingine, kikavunjika ncha, akanunua cha tatu, huyo mwisho wa mwaka ametoa zaidi, na amebaki na vyuma vibovu kwenye droo. Huku ni kufuja kunakojificha katika sura ya kubana. Na kuna hasara iliyo kubwa zaidi: kijana amezoea kuwa kitu hutupwa. Hakukinoa kwa sababu hakina cha kunolewa, hakukipaka mafuta kwa sababu hakistahili. Kisu kizuri kimoja kinamfundisha kutunza, kwa kuwa kina kitu cha kutunzwa.

Lakini na uzuri nao una mpaka. Viko visu leo vya bei ya mbuzi wawili, vya feleji iliyotengenezwa kwa ungaunga wa madini, migumu mno. Vinakaa na makali muda mrefu, ni kweli, lakini yakiisha, kinoo cha nyumbani hakiyarudishi. Yataka mawe ya almasi. Kijana wa mashua atafanya nini na hicho? Kipimo changu ni kuwa kisu kiwe cha chuma ambacho mwenyewe aweza kukinoa kwa kinoo alicho nacho.

Nitataja viwili vijulikanavyo dunia nzima, si kwa kuvitangaza, ila kwa kuwa vinaonyesha jinsi kitu cha bei ya wastani kiwezavyo kuwa cha haki. Cha kwanza ni Opinel cha Ufaransa. Joseph Opinel alikifanya mwaka 1890 huko Savoie, katika karakhana ya baba yake, naye alikuwa kijana wa miaka 18, mtoto wa mhunzi. Ni kitu chepesi: mpini wa mbao, bapa, msumari wa egemeo, na tangu mwaka 1955 pete ya chuma inayozungushwa ili bapa lisijifunge juu ya vidole. Cha namba 8, ambacho ndicho cha kawaida, bapa lake ni sentimita 8.5. Ubaya wake kwetu ni unyevu. Mbao hunywa maji, na masika ikija hufura, bapa likagoma kutoka. Hapo hugongwa kitako cha mpini juu ya kitu kigumu, likachomoza. Anayetaka asipate tabu hiyo aupake mpini mafuta mapema, na asikioshe kwa kukiacha ndani ya maji.

Cha pili ni kile chekundu cha Uswisi. Karl Elsener alifungua karakhana yake mwaka 1884 kijijini Ibach, akawafanyia askari wa nchi yake visu tangu 1891. Mama yake Victoria alipofariki mwaka 1909, aliiita bidhaa yake kwa jina la mama huyo, na mwaka 1921, walipoanza kutumia chuma kisichoshika kutu, jina la chuma hicho likaunganishwa na la mama, likawa Victorinox. Sikuweza kulisoma hili bila kumpenda mtu huyu kidogo. Mtu akitia jina la mama yake juu ya chuma, atakuwa na uzito wa kukifanya kibovu. Kisu hiki hakina komeo katika aina zake ndogo. Chashikwa na kamani ya mgongoni tu, nayo yatosha kwa kazi za mkono. Wako wanaoniuliza juu ya ule msalaba ulio kwenye mpini. Ni alama ya bendera ya nchi, haikuwekwa kwa ibada. Lakini ambaye moyo wake hautulii, na achukue kingine, visu ni vingi.

Juu ya chuma chenyewe, watu wa pwani tuna adui asiyejulikana na watu wa milimani, nayo ni chumvi ya hewani. Feleji ya kawaida, ile isiyotiwa kromiamu, hunoleka upesi na hukata vizuri ajabu, lakini ukikata ndimu ukakifunga bila kukifuta, jioni kimekwisha kubadilika rangi, na wiki ya pili kina kutu. Chuma kisichoshika kutu kina kromiamu kiasi cha asilimia 10.5 au zaidi, na hata hicho, jina lake lisiwaghuri: maji ya bahari hukitoboa vijitundu kikiachwa nacho. Kwa anayeshinda baharini nampendelea hicho cha pili, akisuuze kwa maji baridi kila jioni.

Kisha kuna jambo ambalo wauza visu hawalisemi, na ambalo sisi wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi yatupasa tulitazame. Visu vingi vya fahari vina mipini ya mfupa. Kwetu mfupa wa mnyama asiyechinjwa kisharia ni najisi, na mwenye kusali amebeba najisi mfukoni, sala yake haikusihi. Wenzetu wa Hanafi wana kauli nyepesi katika mifupa, lakini mtu hanunui kitu cha kila siku ili kila siku awe katika hitilafu. Mfupa uliofika kutoka mbali hujui asili yake. Mbao na plastiki hazina maswali hayo. Pembe ya ndovu ndiyo kabisa tusiitaje, kwa dini na kwa sheria za nchi.

Na kama kijana atachinjia kuku kwa kisu hicho, ajue kuwa damu huingia mpaka ndani ya egemeo. Katika madhehebu yetu kupangusa hakutoshi, hata kama chuma kimesuguliwa kikang'aa kama kioo. Hapana budi maji yapite. Basi wakati wa kununua afungue kisu, atazame ndani ya mpini: je, maji yaweza kuingia na kutoka? Je, mwanga wapenya? Vile vilivyofungwa pande zote, vyenye tundu jembamba lililojaa vumbi la mfukoni, vitamsumbua. Akiweza, kazi ya kuchinja aiachie kisu cha kuchinjia, na hiki kibaki safi.

Dukani basi mjomba afanye hivi. Akifungue kisu, alishike bapa katikati ya vidole viwili, alitikise upande kwa upande, lisicheze. Akifunge, apitishe kidole pole pole juu ya mpini: ncha isichomoze. Kama kina komeo, akifungue lishike, kisha augonge mgongo wa bapa polepole juu ya kipande cha mbao, vidole vikiwa nje ya njia yake. Komeo la uongo litaachia hapo hapo, na ni heri liachie dukani kuliko juu ya vidole vya mtoto. Urefu wa bapa usizidi upana wa kiganja cha kijana. Sikuona kazi ya mfukoni inayotaka zaidi ya hapo, na kila kinachozidi, mtu akikitoa mbele za watu huwashtua, nako kumshtua Mwislamu si jambo dogo. Vile vinavyoruka kwa kubonyeza kitufe, na vile vyeusi vilivyopewa majina ya vita, aviache vilipo. Kisu chenye kutaka kutazamwa hakitafuti kamba ya kukata.

Asisahau pia kuwa ndani ya ndege hakuingii kisu mkononi. Akitie katika mzigo unaopakiwa chini. Na ikiwa kijana siku moja ataenda kwa jamaa zake Uingereza, akiache nyumbani mpaka ajue sheria ya huko. Sheria yao ya mwaka 1988 yaruhusu mtu kubeba hadharani bila ya sababu kisu cha kukunja ambacho makali yake hayapiti inchi tatu, yaani sentimita 7.62, na mahakama zao zimehukumu kuwa chenye komeo hakihesabiwi kuwa cha kukunja. Kinachozidi hapo lazima uwe na sababu ya kuwatosha polisi. Mtoto mwema mwenye kisu chema aweza kulala korokoroni kwa kutojua haya, na kutii sheria ya nchi uliyoingia kwa amani ni katika kutimiza ahadi.

Kikishafika nyumbani, baba ndiye amkabidhi, si mjomba. Maana baba ndiye aliyekuwa akikataa, na mtoto akikipokea kwake atajua kuwa amekubaliwa, hakushindwa baba yake. Amwonyeshe kukipokeza: kikiwa kimefungwa, au kama kimefunguliwa basi mpini mbele. Amwambie hakiingii shuleni. Haendi nacho kwenye mpira wala kwenye ngoma. Akiazimwa na rafiki, kazi ikatwe mbele yake na kisu kirudi. Na siku atakayokitoa kwa hasira, hata kama hakumgusa mtu, kitarudi kwa baba, wala hakuna shufaa ya mama hapo.

Kisha wakae wote wawili na kinoo. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha, kama alivyopokea Muslim, tufanye wema katika kila jambo, mpaka katika kuchinja, mtu akinoe kisu chake ili ampumzishe mnyama wake. Kisu butu ni dhulma kwa anayekatwa na hatari kwa anayekata, kwa kuwa hulazimishwa kwa nguvu, kikateleza kikaingia mkononi. Kinoo kiloweshwe maji, bapa liinuliwe kidogo tu kutoka juu ya jiwe, kiasi cha kupita shilingi mbili tatu chini ya mgongo wake, na lisukumwe kama mtu akwangaye magamba ya samaki, upande huu mara kumi na upande huu mara kumi, bila haraka. Mafuta ya egemeo yawe ni ya cherehani, tone moja, kisha lipanguswe bapa kabla ya kukatia chakula. Mafuta ya nazi hayafai hapo. Yakikaa hugeuka gundi, na kisu kikaanza kufunguka kwa kunung'unika.